Gari ya sport ni ipi hasa? Siyo spoila, siyo kelele, siyo bei



Nani hapa hakuwahi kufanya hivi akiwa mdogo? Gari imepaki nje ya duka. Unasogea, unaweka viganja viwili kwenye kioo kuzuia mwanga, unachungulia ndani uone spidi mita inaishia ngapi. Ikiishia 180 mnasema "hii ya kawaida". Ikiishia 240 mnaitana mtaa mzima. Mwenye gari akitokea, kila mtu mbio.

Ukweli nilikuja kuujua ukubwani. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japan yaliishia 180 kwa sababu watengenezaji wa kule walikubaliana wenyewe kwa wenyewe kuyazuia yasivuke hapo. Gari ya mzee wa kwenda sokoni na gari ya mashindano, zote kioo cha 180. Kwa hiyo ule utafiti wetu wote ulikuwa kazi bure! Namba ya kwenye kioo ilikuwa haituambii chochote kuhusu gari.

Nimelikumbuka hili kwa sababu ya ubishi wa kijiweni. Mshkaji mmoja kasema ndinga yake ni sport kwa kuwa imeandikwa "Sport" nyuma. Mwingine kasema sport ni milango miwili. Wa tatu kasema sport ni bei, kama huwezi kuinunua basi ndiyo sport yenyewe. Wote walikuwa na uhakika, na wote walikuwa wamekosea kidogo. Leo tulimalize.

JIBU FUPI

Gari ya sport ni gari ambayo mchoraji wake alimweka dereva mbele ya vitu vingine vyote, halafu akakubali kupoteza vitu vingine kwa ajili hiyo. Anapoteza siti za nyuma, buti kubwa, ukimya, na uwezo wa kupita kwenye makorongo bila kugusa chini. Anachopata ni gari nyepesi, iliyokaa chini, inayotii mkono na mguu wa dereva papo hapo.

Kwa hiyo ukitaka kuitambua usiulize ina nini. Uliza imekosa nini, na imekosa kwa sababu gani. Gari ya kawaida iliyoongezewa vitu haiwi sport. Sport huanzia kwenye karatasi ya mchoraji, haianzii kwa fundi wa kubandika stika.

ILIANZIA WAPI

Twende Uingereza kidogo. Miaka ya 1920 pale Oxford palikuwa na gereji inaitwa Morris Garages, na meneja wake aliitwa Cecil Kimber. Jamaa alichukua magari ya kawaida ya Morris akayawekea bodi nyepesi na za chini. Jina la gereji likafupishwa likawa MG.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka 1945, MG wakatoa gari inaitwa TC. Injini yake ilikuwa cc 1250 tu, nguvu kama farasi 54. Leo kuna magari ya kwenda kuchukua watoto shule yenye nguvu mara mbili ya hiyo. Lakini wanajeshi wa Marekani waliokuwa Uingereza waliipenda kupita kiasi. Kwao walikuwa na magari makubwa yenye injini kubwa, laini kama kochi. Hawakuwa wamezoea gari inayokuonyesha kila kona imekaaje.

Baadaye akaja Colin Chapman na kampuni yake ya Lotus. Huyu ugonjwa wake ulikuwa uzito. Lotus Elan ya mwaka 1962 ilikuwa chini ya kilo 700. MG nao mwaka huohuo wakatoa MGB, ikauzwa mpaka 1980, zikatengenezwa zaidi ya 500,000.

Tatizo la magari haya ya Kiingereza lilikuwa moja: yalivuja oili, na umeme wake ulikuwa na mambo yake. Ulitakiwa uwe na mapenzi na pia uwe na fundi. Ikafika miaka ya 1980, aina hii ya gari ikawa imekaribia kufa kabisa.

MFANO HALISI: MAZDA MX-5

Aliyeifufua hakuwa Mwingereza. Mwandishi wa habari za magari wa Marekani, Bob Hall, alimwambia bosi wa uhandisi wa Mazda, Kenichi Yamamoto, kwamba dunia inakosa gari ndogo ya wazi kama zile za Waingereza, ila isiyoharibika hovyo. Wazo likakaa miaka kadhaa. Februari 1989, kwenye maonyesho ya magari ya Chicago, Mazda wakalifungua pazia: MX-5. Marekani wengi wanaijua kama Miata, na Japan ilianza kwa jina la Eunos Roadster.

Ukisikia takwimu zake unaweza kucheka. Injini ya lita 1.6, nguvu kama farasi 116. Kutoka kusimama mpaka kilomita 100 kwa saa ilichukua sekunde kama tisa hivi. Kuna gari ndogo nyingi za familia zinaiacha kwenye mstari ulionyooka. Sasa kwa nini watu wazima duniani wanaitaja kila wakiulizwa gari ya sport ni ipi?

Tuangalie walichokifanya wahandisi chini ya Toshihiko Hirai:

Waliweka siti mbili tu. Hawakujaribu hata kubana za watoto nyuma.

Boneti wakaitengeneza kwa aluminiamu ili pua ya gari iwe nyepesi. Betri wakaihamishia nyuma kwenye buti, si kwa ajili ya nafasi, bali ili uzito wa mbele na nyuma ukaribie kulingana nusu kwa nusu.

Injini wakaisogeza nyuma ya ekseli ya mbele, na nguvu wakaipeleka magurudumu ya nyuma.

Giaboksi na difu ya nyuma wakaziunganisha kwa fremu maalumu, ili ukikanyaga mafuta gari iitike palepale bila kulegalega. Mkono wa gia ukawa mfupi, safari yake ya gia moja mpaka nyingine ni ya kifundo cha mkono tu.

Hata mlio wa bomba la moshi walikaa wakauchagua. Siyo uwe mkubwa, uwe mzuri.

Gari nzima ikatoka na uzito usiofika tani moja. Wajapani wana msemo wa wapiga mishale juu ya farasi, jinba ittai, maana yake farasi na mpandaji kuwa kitu kimoja. Ndiyo waliufanya kauli mbiu ya gari hii. Na watu wakaielewa: ikaingia Guinness kama gari ya sport ya siti mbili iliyouzwa zaidi duniani, na Aprili 2016 ikatengenezwa ya milioni moja. Toleo la nne, lililotoka 2015, bado lina uzito unaozunguka tani moja, wakati magari karibu yote mengine yamenenepa. Hapo ndipo utajua jamaa walikuwa na nidhamu.

MAMBO MANNE YANAYOIFANYA GARI IWE SPORT

1. Uzito

Hili ndilo la kwanza na wengi wanalisahau. Panda baiskeli mwenyewe, kata kona. Halafu funga kreti mbili za soda nyuma, kata kona ileile kwa mwendo uleule. Hauhitaji mwalimu. Uzito unakusumbua ukianza kuondoka, unakusumbua ukifunga breki, unakusumbua zaidi kwenye kona. Nguvu ya injini inakusaidia kwenye kuondoka tu. Ndiyo maana mhandisi wa gari ya sport anaanza kwa kupunguza kilo kabla ya kuongeza farasi.

Kuna hesabu rahisi: chukua nguvu ya injini gawa kwa uzito wa gari kwa tani. MX-5 ya kwanza, farasi 116 kwa tani isiyofika moja, unapata kama 120 kwa kila tani. Lotus Elise ya 1996 ilikuwa na farasi 118 tu, lakini uzito wake ulikuwa kama kilo 725, unapata zaidi ya 160 kwa tani. Sasa chukua shangingi, Land Cruiser V8 ya dizeli: farasi 280 na kitu, lakini tani zake 2.7. Inakupa kama 105 kwa tani. Shangingi lina injini ya kutisha, lakini kila farasi amebebeshwa mzigo.

2. Uzito umekaa wapi

Mama anayebeba ndoo ya maji kichwani hakati kona kwa kukimbia. Akiishika ndoo hiyohiyo mkononi, chini, anaweza kugeuka haraka. Gari ndiyo hivyohivyo. Uzito ukikaa juu, gari inalala kwenye kona, inasita, na mwisho inaweza kupinduka. Gari ya sport inakaa chini, injini chini, dereva chini.

Halafu kuna mbele na nyuma. Shika ndoo mkono ukiwa umeunyoosha, jaribu kuzunguka. Halafu ikumbatie kifuani, zunguka tena. Ya pili ni rahisi. Ndiyo sababu baadhi ya magari ya sport, kama Toyota MR2 ya 1984, yanaweka injini katikati, nyuma ya siti za dereva na abiria. Uzito unakuwa tumboni mwa gari, na gari inageuka upesi. Porsche 911, tangu ilipoonyeshwa Frankfurt mwaka 1963, injini yake iko nyuma kabisa, na wahandisi wake wamepigana na jambo hilo miaka yote mpaka wakalitawala.

3. Magurudumu yapi yanasukuma, na nini kinayashika

Kwenye gari nyingi ndogo, magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta gari na hayohayo ndiyo yanayokata kona. Ni sawa na mtu anayesonga ugali huku kabeba mtoto. Anaweza, lakini ukimwongezea kazi kitu kimoja kitaanguka. Kwenye gari ya sport ya kienyeji (nikisema kienyeji namaanisha ile asili), ya nyuma yanasukuma, ya mbele yanabaki na kazi ya kuelekeza tu.

Hii siyo sheria ya Musa lakini. Lotus wenyewe walitoa Elan nyingine mwaka 1989 yenye kuvuta kwa mbele, na waliyoiendesha waliisifia kwenye kona. Watu wakabishana, wanabishana mpaka leo.

Kuhusu tairi, kumbuka neno hili moja: sehemu ya tairi inayogusa lami inakaribia ukubwa wa kiganja chako. Viganja vinne, basi. Kuondoka, kusimama, kukata kona, uhai wako na wa uliowapakia, vyote viko juu ya viganja vinne. Springi, shokapu na mikono ya chini ya gari, kazi yake kubwa ni kuhakikisha viganja hivyo havibanduki chini.

4. Mazungumzo na dereva

Hapa ndipo palipo na roho ya jambo. Gari ya sport inaongea. Usukani unakuambia tairi za mbele zimeshika au zimeanza kuteleza. Siti inakuambia mgongo wa gari unataka kwenda wapi. Breki haina ile hali ya kukanyaga sponji. Ukikosea kidogo inakuonya kabla haijakuadhibu. Gari inaweza kuwa na farasi 500, lakini kama ndani unajisikia umekaa sebuleni na hujui magurudumu yanafanya nini, hiyo ni gari yenye nguvu. Sport ni jambo jingine.

NDUGU WANAOFANANA NAYO

Wengi wanachanganya hapa, kwa hiyo twende haraka haraka.

Supakaa: Lamborghini Miura ya 1966, Ferrari F40 ya 1987, hao ni wa ukoo wa sport, ila wamekwenda mbali kwa bei na nguvu. Bugatti Veyron ya 2005 ilikuwa na farasi 1001 na ilifika zaidi ya kilomita 400 kwa saa, lakini uzito wake ulikaribia tani 1.9. Mashine ya ajabu, ila siyo mtu wa kucheza naye kwenye kakona kadogo.

GT: gari ya kwenda mbali haraka bila kuchoka. Ina nguvu, ina starehe, ina nafasi ya mizigo. Nzuri sana, lakini imeshakubali uzito.

Magari ya misuli ya Marekani: injini kubwa ndani ya bodi ya kawaida, kama Pontiac GTO ya 1964. Ford Mustang iliyotoka mwaka huohuo ilijengwa juu ya gari ya familia iliyoitwa Falcon. Kwenye mstari ulionyooka usishindane nayo. Kwenye kona za siku zile, mwenye MG alikuwa anatabasamu.

Gari ndogo zenye hasira: Volkswagen Golf GTI ya 1976, farasi 110 kwenye gari ya kilo 800 na kitu. Unabeba watoto asubuhi, jioni unafurahi. Mimi kwangu hizi ni mabinamu wa sport, tena mabinamu wa karibu.

Magari ya umeme: siku hizi kuna gari ya umeme ya familia inayoondoka kwa kasi kuliko supakaa za zamani. Lakini betri ni nzito, nyingi zinavuka tani mbili. Inachekesha kwamba Tesla Roadster ya 2008, gari yao ya kwanza kabisa, ilitokana na Lotus Elise. Walijua pa kuanzia.

SPORT KWENYE TOPE LA KWETU

Msidhani haya ni mambo ya Ulaya na Japan tu. Kuna gari moja ya sport iliyopata jina kubwa hapahapa Afrika Mashariki, na wazee wetu waliiona kwa macho.

Mwaka 1969 Nissan walitoa Fairlady Z, nje ikajulikana kama Datsun 240Z. Siti mbili, boneti ndefu, injini ya silinda sita ya lita 2.4 mbele, nguvu zinakwenda nyuma. Kwa maelezo ya juu hiyo ni sport halali. Mwaka 1971 Edgar Herrmann akashinda nayo Safari Rally. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda nayo tena, kwa namna ya ajabu: yeye na Harry Källström, aliyekuwa na Datsun nyingine, walimaliza wakiwa sawa kwa pointi, ikabidi kanuni ya kuvunja sare itumike. Mehta alikuja kushinda Safari mara tano kwa jumla.

Safari ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Vumbi, mawe, mito, tope la masika. Ukiangalia picha za zile 240Z utaona zimeinuliwa, zimewekewa ngao chini na taa kubwa mbele. Kila kilichoongezwa kilikuwa na kazi. Hakuna kilichowekwa kwa ajili ya kuuza sura. Shikilia hapo, tutarudi.

HIZI ZA MITAANI JE?

Toyota Altezza, kipenzi cha vijana wa mjini. Ilitengenezwa kuanzia 1998 mpaka 2005. Milango minne, siti tano, lakini nguvu zinakwenda nyuma na ekseli zake zilichorwa kwa umakini. RS200 yenye injini ya silinda nne ilifika farasi 210. AS200 ya silinda sita ni kama 160. Hukumu yangu: ni gari ya familia yenye damu ya sport. RS200 ya gia za mkono inakaribia mlangoni kabisa.

Toyota Celica ile ya mwisho, 1999 mpaka 2006. Sura ya sport kuliko zote, lakini inavuta mbele na chini yake ni ndugu na magari ya kawaida. Yenye injini ya farasi 190 inafurahisha kweli. Hukumu: nguo za sport, mwili nusu.

Toyota MR-S, 1999 mpaka 2007. Farasi 140, uzito kama tani moja, injini nyuma ya mgongo wako, buti karibu hakuna. Hukumu: sport halisi, bila maswali. Watu wanaipita hawaijui kwa sababu haipigi kelele.

Subaru Impreza WRX, tangu 1992. Turbo, magurudumu yote manne yanasukuma. Mwili ni wa gari ya familia, roho ni ya rali. Ndugu zake walichukua Safari mwaka 1997 na Colin McRae, na 2000 na Richard Burns. Hukumu: siyo gari ya sport kwa tafsiri ya kitabu, lakini kwenye mvua na makorongo ataiacha MX-5 inalia.

Toyota 86 na pacha wake Subaru BRZ, kuanzia 2012. Farasi 200, kilo 1,200 na kitu, nyuma inasukuma. Hukumu: sport, imeandikwa kwa herufi kubwa.

Gari yoyote iliyoandikwa "Sport" nyuma: mara nyingi ni rimu kubwa, siti za rangi mbili na hayo maandishi. Hukumu: soma vizuri risiti.

SASA TUONGEE UKWELI

Nimeandika yote haya kwa sababu ya kijana mmoja wa mtaani kwetu. Jina silitaji, familia yake inasoma hapa. Alinunua gari ndogo ya kawaida, inavuta mbele, kwa pesa aliyoitafuta kwa jasho miaka mingi. Halafu akaanza kuifanya sport. Spoila kubwa nyuma. Springi zikakatwa ili gari ishuke. Rimu kubwa. Bomba la moshi likatobolewa, akipita usiku watoto wachanga wanaamka mitaa mitatu. Tairi akaweka za mtumba kwa sababu pesa ilikuwa imeishia kwenye rimu. Breki hakuzigusa.

Siku ya mvua alikuwa na wenzake watatu ndani, anapiga misele. Kwenye kona ambayo daladala zinapita kila siku, gari ikaenda moja kwa moja ikaingia mtaroni. Mmoja wa wale wenzake hatembei vizuri mpaka leo. Aliniambia neno moja ambalo halijanitoka: "Kaka, ilikuwa inasikika kama ina mbio, nikajua na breki zitakuwepo."

Tuangalie alichonunua, kimoja kimoja.

Spoila ya nyuma kazi yake ni kutumia upepo kukandamiza gari au kutuliza nyuma yake, na upepo huo unaanza kuwa na maana kwenye mwendo mkubwa sana. Kwenye foleni ya mjini ni sehemu ya kuanikia nguo. Na kwa gari inayovuta mbele, hata ikifanya kazi, inakandamiza magurudumu yasiyovuta.

Springi iliyokatwa inaifanya gari igonge mwisho wa safari yake kwenye kila shimo. Ikigonga, tairi inaruka. Ikiruka, kile kiganja kimeondoka kwenye lami. Gari inaonekana iko chini, lakini inashika barabara vibaya kuliko ilivyotoka kiwandani.

Rimu kubwa nzito inaongeza uzito sehemu mbaya kuliko zote, pale chini kwenye gurudumu. Shokapu inashindwa kuirudisha haraka.

Kelele ni kelele. Sauti haiongezi farasi.

Na mwendo una hesabu yake isiyo na huruma. Ukiongeza mwendo mara mbili, kutoka 50 kwenda 100, umbali wa kusimama kwa breki unakuwa kama mara nne, siyo mara mbili. Barabara ya mtaani kwetu ina watoto, bodaboda, mbuzi na bibi anayevuka taratibu. Kikomo cha 50 kwenye makazi hakikuwekwa kwa ajili ya kuwapa trafiki kazi.

Ukirudi kwenye zile 240Z za Safari unaona tofauti. Wao waliinua gari kwa sababu ya mawe, wakaweka ngao kwa sababu ya mito. Kijana wetu alibadilisha gari kwa ajili ya macho ya watu wa kituoni.

KAMA UNAPENDA GARI, PESA YAKO IANZE HAPA

Tairi kwanza. Angalia ubavuni kuna namba nne za tarehe ya kutengenezwa: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mtumba inaweza kuwa na meno mazuri lakini mpira umeshakuwa mgumu kama kandambili ya zamani. Kwenye mvua haishiki.

Kisha breki: pedi, diski, na mafuta ya breki ambayo wengi hawajawahi kuyabadilisha tangu gari ishuke bandarini.

Kisha shokapu na bushi. Gari ya kawaida yenye hivi vitatu vizima inashika barabara kuliko "sport" ya mtaani yenye mapambo ya mamilioni.

Mwisho, toa mizigo kwenye buti. Yale maspika makubwa ni kilo ngapi? Colin Chapman angekushukuru.

MASWALI YA KUPIMA GARI

Ukiiona gari na watu wanabishana, uliza haya:

Ilichorwa kuwa hivi tangu mwanzo, au imevalishwa baadaye?
Imekosa nini kwa ajili ya dereva?
Uzito wake ni kilo ngapi, na kila tani ina farasi wangapi?
Injini iko wapi, na magurudumu yapi yanasukuma?
Ukikata kona, inakuambia kinachoendelea?
Inafurahisha hata kwenye mwendo wa 50?

Hilo la mwisho ndilo kubwa kwangu. Gari yenye nguvu nyingi inakudai mwendo wa hatari ndipo uanze kusikia raha. MX-5 inakupa raha ukiwa unatoka kwenye kona ya mtaa kwa mwendo halali, mkono uko kwenye gia, dirisha liko wazi. Huhitaji kumtisha mtu ili ufurahi.

Kwa hiyo mdogo wangu unayechungulia kioo leo, ukimaliza kuangalia ile namba ya spidi mita, inama kidogo. Angalia tairi.

Naomba kuwasilisha. Wenye Altezza najua mmeshakasirika, karibuni hapo chini tubishane kwa hoja: RS200 inaingia kwenye ukoo wa sport au inabaki nje?